Mwanangu ananiaibisha mbele ya wageni

Shangazi, shikamoo. Nina kijana wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili, anasoma kitengo maalumu hapa Moshi. Siku hizi anaingiza mkono kwenye suruali popote alipo, hata sebuleni jumuiya ikiwa inasali. Wasichana anawakumbatia haachii. Baba yake anamchapa, bibi anataka tumpeleke maombi, mwalimu anasema nimweke nyumbani kwanza. Nikimweleza mambo haya, si ndiyo nitamwamsha?
Mama, Pasua

Marahaba mwanangu, na pole kwa siku hiyo ya jumuiya.

Ameshaamka. Ulemavu wake uko kwenye kuelewa; mwili unabalehe kama wa wenzake wote wa Pasua. Sauti imekwaruza, asubuhi shuka limelowa, na hakuna aliyemwambia ni nini. Wenzake huambiana vijiweni, yeye kijiweni hana nafasi. Hofu yako wazazi wengi wanayo, lakini UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walipopitia tafiti kwa ajili ya mwongozo wao wa 2018 wa elimu ya ujinsia waliona elimu hiyo haiwafanyi vijana waanze ngono mapema.

Kwanza apimwe kituo cha afya. Fangasi au suruali inayobana humsumbua kijana asiyeweza kusema "nawashwa". Ngozi ikiwa safi, basi ni punyeto, na somo lake ni moja tu: mahali. Kumkataza kabisa hutaweza. Fimbo itamfundisha kujificha, na aliyezoea kujificha ni rahisi kufichwa na mtu mbaya.

Chagueni mahali pamoja. Nyumba za kupanga nazijua, pengine analala na wadogo zake. Basi iwe bafuni, mlango umefungwa. Piga picha kwa simu: mlango wa bafu lenu, sebule yenu, kanisa lenu, darasa lake. Zichapishe steshenari, bandika ukutani. Mtoto asiyeelewa "faragha" ataelewa mlango anaoufungua kila siku. Akianza sebuleni, asichekwe wala asipigiwe kelele. Mwonyeshe picha, mwambie: "Bafuni, funga mlango." Baba, dada, bibi, wote sentensi hiyo hiyo, miezi na miezi. Na mara nyingi ni mikono tu haina kazi. Mpe ndizi amenye.

Hayo makumbatio mmeyafundisha wenyewe. Alipokuwa mdogo kila mgeni alimkumbatia, leo ana ndevu mnashangaa. Sasa hivi watu wanacheka, lakini siku binti wa watu akipiga yowe njiani, mtaa hautauliza anasoma kitengo gani. Wa nyumbani anawakumbatia, anaowafahamu anawapa mkono, wageni anawapungia. Waombe majirani wakwepe kumbatio na watoe mkono wao kwanza, hata kama wanamwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo inayomponza.

Viungo vitaje kwa majina: uume, pumbu, matako. Habari za "kidudu" achana nazo, maana siku mtu akimshika atatakiwa aseme nani kashika nini. Tunadhani watoto wa kiume hawaguswi. Wanaguswa, na mwenye ulemavu wa akili huchaguliwa kwa kuwa watu hawatamwamini. Afundishwe kusema "sitaki", kuondoka, na kuja kwako. Ukisikia chochote, piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usimalizane na mtu kifamilia.

Shule arudi kesho. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inahusu elimu yake, na ya 25 inaitaja wazi afya ya uzazi. Ila usiingie na mkataba mkononi, mwalimu atajihami. Ingia na zile picha, umwombe atumie maneno yale yale darasani.

Maombi ya bibi yaendelee, hayagombani na picha ukutani. Baba yake ndiye nina neno naye: baba, weka fimbo chini, umweleze kijana wako kwamba shuka likilowa usiku hajajikojolea, umwonyeshe pa kuliloweka.