Kabla hujaandika 1, tazama x inakwenda wapi

Wadogo zangu mnaotoka skuli na kuanza mwaka wa kwanza hapa chuoni Tunguu, vikomo vya sin na cos (kikomo ni namba ambayo jibu hukaribia x inaposogea kwenye thamani fulani) vinawapotezea watu alama kwa sababu ndogo sana. Kila mtu anajua kwamba sin x ÷ x inakwenda kwenye 1. Anaijua mno, hadi anaiandika hata pasipohusika. x ikikaribia π jibu ni 0, maana juu pana 0 na chini pana π. x ikikua bila mwisho jibu ni 0 pia: juu haitoki baina ya -1 na 1, chini inazidi kukua. Ile 1 ni ya x inayokaribia 0, basi. Kwa hiyo weka thamani kwanza. Ikitoka namba halali, umemaliza. Ikitoka 0/0, ndipo kazi inapoanza.

Na pembe iwe kwa radiani. Jaribu kikokotoo: x ikiwa 0.1 kwa radiani, utapata 0.9983. Kikiwa kwenye nyuzi, 0.1 hiyo hiyo inakupa 0.01745, yaani π/180, na hakuna kilichoharibika. Chora duara lenye nusu kipenyo 1. Pembe ya radiani x inakata tao lenye urefu wa x ule ule, na sin x ni kimo kutoka ncha ya tao hadi mstari wa chini. Pembe ikipungua, tao na kimo hukaribia kulingana. Kwa nyuzi, urefu wa tao si x tena. Mchoro huu naupenda kuliko kukariri, na wengi wanauruka.

Baadaye ni kulinganisha tu: kilichomo ndani ya sin kiwe pia chini. Kwa sin 5x ÷ x, zidisha juu na chini kwa 5; jibu 5. Kwa sin 3x ÷ sin 7x, jibu 3/7. Wako wanaofuta sin kwa sin, wakapata 3/7 na kufurahi. Waulize x ikikaribia π/2: jibu la kweli ni 1, wao bado wana 3/7 yao.

(1 − cos x) ÷ x² inataka uzidishe juu na chini kwa 1 + cos x. Juu inageuka sin² x, na jibu ni 1/2.

sin(1/x) haina kikomo kwenye 0. Inapanda na kushuka bila kutulia. Lakini x sin(1/x) inacho. Imebanwa baina ya −|x| na |x|, kama mpita njia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho kuta zake zinakutana mwisho: hana pa kwenda ila 0.

Kanuni ya L'Hôpital, ile ya kunyambua juu na chini inapotoka 0/0, iacheni kwanza. Ukiitumia kuthibitisha sin x ÷ x, unahitaji mnyambuo wa sin (kasi ya kubadilika kwake), na mnyambuo huo wenyewe umepatikana kwa kikomo hicho hicho.