Kamba moja inatosha

Mwalimu, umeuliza somo la eneo la mstatili tulifundisheje darasa la sita lenye wengine wako moto wengine bado wanahesabia vidole, mi siandai kazi tatu za viwango tofauti, nachukua kamba ya mita 24 tunatoka nje. Wanaosuasua wapige mstatili wa 8 kwa 4 watafute eneo, basi. Wa kati watafute mistatili mingine ya kamba hiyohiyo, wakiona 11 kwa 1 inatoa 11 tu afu 6 kwa 6 inatoa 36 kelele zinaanza! Wale wa fasta waambie upande mmoja ni ukuta, kamba haipiti hapo, bustani kubwa kabisa itakuaje? Watang'ang'ania mraba wa 8 kwa 8, usiwaambie kitu, waache wabishane mpaka mmoja aibuke na 12 kwa 6, yaani 72.