Hawa uliwakuta au umewafuga?

Wadogo zangu mnaokuja fildi maabara huku Tanga, najua chuoni mmesoma bakteria anajigawa mara mbili, mmechora na ule mstari unaopanda, mkafaulu. Na mimi nilifaulu. Wiki ya pili tu nikaacha chupa ya mkojo wa mgonjwa mezani karibu na dirisha, jua la saa saba lile, nikaenda kula, na wali wa nazi haulwi haraka, nikarudi nikapiga stori kidogo, mpaka naipanda kwenye pleti (kisahani chenye chakula cha kuoteshea bakteria) ishapita kama masaa matatu. Kesho yake pleti imejaa koloni (vidoa vya bakteria walioota) hadi basi, nikaandika jibu kifua mbele. Mama aliyekuwa ananisimamia akaangalia saa ya kupokea sampuli, akaangalia saa niliyopanda, akaniuliza tu, "Mwanangu, hawa uliwakuta au umewafuga?"

Akanipa karatasi nipige hesabu. E. koli akiwa kwenye chakula kizuri na joto la nyuzi 37 anajigawa kila dakika 20 hivi, saa moja mmoja kashakuwa 8, masaa 7 wamepita milioni 2. Sawa, meza sio inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) na mkojo sio supu ya maabara so wanaenda taratibu zaidi, ila angalia hii: sampuli ina bakteria 1,000 kwa mililita, pengine ni wa ngozi tu walioingia wakati mgonjwa anakinga mkojo, wakijigawa mara 7 ni 128,000. Na kiwango kinachotumika sana kusema huyu ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ni 100,000! Yani mgonjwa hajabadilika chochote, ugonjwa nimempa mimi na wali wangu. Bahati jibu lilikuwa halijatoka, akaombwa mkojo mwingine. Kwa hiyo mkojo upande ndani ya masaa 2, ukishindwa weka friji nyuzi 4 na usivuke masaa 24. Kwenye friji hawafi jamani, wanajikunyata tu wakisubiri joto.

Kingine ni pangaboi. Joto la huku mnalijua, na ukishakaa na bana ya gesi inawaka unatamani uvue koti, lakini ukiwa unamimina agari (ile jeli ya kwenye pleti) zima pangaboi, funga dirisha, vumilia. Lile pangaboi linashusha vumbi na mbegu za ukungu moja kwa moja kwenye pleti, kesho unaota bustani ambayo hukuipanda. Agari ikitoka kwenye otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi 121, dakika 15) iache ipoe mpaka 50 hivi ndo umimine, ukimimina ya moto mfuniko unatoa jasho, na hilo jasho likidondokea koloni zinachanganyikana zote. Ndo maana pleti inalazwa kichwa chini, mimi nilidhani ni mapambo.

Hiyo agari inatokana na mwani, ila sio huu kina mama wanaolima pwani yetu, huu unatoa karajinani, kitu kingine. Wazo la kuitumia lilitoka jikoni, kwa Fanny Hesse mwaka 1881, mumewe alikuwa anahangaika na jelatini inayoyeyuka joto likizidi. Hebu fikiria jelatini kwa joto la Tanga mwezi wa pili, si uji huo.

Lupu (kiwaya cha kuchotea sampuli) ichome mpaka iwe nyekundu, halafu IPOE. Wengi mnaigusisha sampuli ikiwa bado ya moto, ikilia tsss ujue umewaua, halafu unaripoti hakuna kilichoota.

Na wale wa kufungua inkubeta kila saa kuchungulia, bakteria wakihamia chakula kipya wanakaa kwanza wanajipanga kama mgeni anayefungua mizigo, hawaanzi kuzaana hapo hapo, subiri masaa 18 mpaka 24. Wa TB ndo usiseme, mmoja anajigawa kwa masaa 15 mpaka 20, kwenye midia ya mayai tunasubiri hadi wiki 8 ndo tuseme hakuna. Fildi yako itaisha hujamuona.

Na kalamu ya kuandikia saa kwenye chupa njoo na yako, za maabara zinapotea kila siku.