Maswali ya Wasomaji: Nyumba yenye mama Mjerumani

Barua nne za mwezi huu zimetoka Nakuru, Vihiga, Ahero na Kisumu, na zote zinahusu mwanamke aliyezaliwa Ujerumani ambaye sasa ni mke na mama katika familia ya huku. Tumeanza na ya Nakuru kwa sababu ina tarehe, na tarehe zikipita hazirudi.

SWALI: Mke wangu ni Mjerumani, mzaliwa wa huko huko. Tulioana mwaka 2021 mbele ya msajili wa ndoa. Tuna mtoto wa miaka mitatu na wa pili yuko njiani. Watoto wetu ni raia wa wapi? Na mama yao ataishi kwa pasi ya mtegemezi mpaka lini?
*Baba wa mtoto mmoja, Section 58, Nakuru*

Ndugu, mtoto wako ni raia wa nchi zote mbili, tena tangu siku aliyozaliwa. Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, hata akizaliwa ng'ambo. Ujerumani nayo, tangu tarehe 1 Januari 1975, humpa uraia mtoto wa mama Mjerumani aliye katika ndoa sawasawa na mtoto wa baba Mjerumani. Hakuna uraia wa kuomba hapo. Mnachoomba ni karatasi za kuuthibitisha.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Chukueni ile taarifa ya kuzaliwa hospitalini siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, msome kila herufi kabla ya kutia saini, kisha msajili kabla ya miezi sita kwisha. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zaidi na safari zaidi. Jina la mama liandikwe vile vile lilivyo kwenye pasipoti yake. Herufi ä, ö na ü ndizo huleta shida: chini ya ukurasa wa pasipoti ya Kijerumani huwa ae, oe na ue, na karani akiandika a tupu, mama wa kwenye cheti anaonekana mtu mwingine.

Jina la mtoto ndilo linalochelewesha pasipoti ya Kijerumani kuliko kitu kingine. Kwetu mtoto huwa na majina matatu, na la mwisho linaweza kuwa la babu, la baba au lake mwenyewe. Wajerumani wanataka kujua lipi ni jina la ukoo. Wazazi wasiotumia jina moja la ukoo mara nyingi hutakiwa kutia saini tamko la jina la mtoto, wote wawili. Kubalianeni mapema, na mtoto wa pili afuate jina la ukoo la wa kwanza. Msitafute ile pasipoti ndogo ya watoto, kwa kuwa Ujerumani iliacha kuitoa tarehe 1 Januari 2024. Siku hizi mtoto hupewa pasipoti ya kawaida ya miaka sita, ingawa sura ya mtoto mchanga ikibadilika mno italazimu kuibadilisha mapema.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mjerumani aliyezaliwa nje ya Ujerumani baada ya tarehe 31 Desemba 1999, naye akawa anaishi nje, hamrithishi uraia mtoto wake aliyezaliwa nje vivi hivi. Kuzaliwa huko lazima kuripotiwe kwa mamlaka za Ujerumani, ubalozi ukiwemo, ndani ya mwaka mmoja. Sheria hiyo haimgusi mkeo, maana yeye alizaliwa Ujerumani. Itawagusa watoto wenu watakapopata watoto wao huku. Iandikeni kwenye karatasi na mwiweke ndani ya faili moja na vyeti vyao.

Sasa mama. Pasi ya mtegemezi inamruhusu kuishi, haimruhusu kufanya kazi. Akifundisha shule au akifungua duka akiwa nayo tu, anavunja sheria hata kama wewe ni raia. Aliyepewa ruhusa ya kukaa zaidi ya siku 90 lazima pia ajisajili apate kitambulisho cha mgeni. Lakini msibaki hapo. Mke wa raia aliyetimiza miaka mitatu ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na ninyi mlishaitimiza mwaka 2024. Miaka saba ikitimia, mwaka 2028, kifungu cha 15 kinampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia wa Kenya, mradi ndoa ingali hai.

Wajerumani wengi walikuwa wakiogopa hatua hiyo, na walikuwa na sababu. Zamani, aliyechukua uraia wa nchi kama yetu bila kupata kwanza kibali maalumu kutoka Ujerumani alipoteza ule wa kwao. Sheria hiyo iliondolewa tarehe 27 Juni 2024. Mkeo akisajiliwa sasa, anabaki na zote mbili. Ila haikurudi nyuma: aliyepoteza uraia kabla ya siku hiyo hakurudishiwa.

Jambo la mwisho, na hili ni kwa wasomaji wengine: kama mlifunga ndoa ya kimila tu, mahari ikatolewa, wazee wakala na kunywa, basi isajilini mpate cheti. Afisa wa uhamiaji hawezi kuhesabu miaka mitatu wala saba bila karatasi inayoonyesha siku ya kwanza.

SWALI: Nataka kumpa mkaza mwana wangu ekari moja hapa kijijini, iwe kwa jina lake, kwa sababu amenitunza vizuri. Ni Mjerumani, hajachukua uraia. Wengine wananishauri niiandike kwa jina la binti yangu, amshikie. Inafaa?
*Baba mkwe, Vihiga*

Mzee wetu, moyo wako ni mzuri lakini njia hiyo haifai. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kuwa na ardhi kwa kukodishwa tu, isiyozidi miaka 99. Na hilo shamba lako ni ardhi ya kilimo, kwa hiyo uhamisho wowote, hata kukodisha, unapita kwa bodi ya ardhi. Bodi hairuhusiwi kukubali asiye raia.

Kumtumia binti yako kumshikia ndiyo mbaya kuliko zote. Kifungu hicho hicho kinasema mali iliyoshikiliwa kwa niaba ya mtu huhesabiwa kuwa ya raia pale tu ambapo wanufaika wote ni raia. Kampuni nayo ni hivyo hivyo, lazima iwe ya raia watupu. Na bintiyo akifa au akigombana na wifi yake, hati inasema shamba ni la bintiyo, basi.

Kuna njia mbili safi. Wape wajukuu, kwa kuwa ni raia kwa kuzaliwa. Wakiwa wadogo, mtu mzima aliye raia awashikie kama mdhamini, naye atajwe wazi kwamba anawashikia wao. Au mpe mwanao, na wajenge nyumba yao hapo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila kibali cha mume na mke wote wawili, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kwa hiyo mkaza mwana wako hatakuwa mikono mitupu. Siku akiwa raia, mpe ekari yake.

SWALI: Mke wa kijana wangu ananiita kwa jina langu la ubatizo, mbele ya watu. Nimeumia lakini sijasema.
*Mama mkwe, Ahero*

Pole, mama. Kwao Ujerumani kuna "wewe" mbili: moja ya heshima kwa mgeni na mkubwa, nyingine ya watu wa karibu. Mkubwa ndiye hufungua mlango wa ile ya pili, na pamoja nayo huja ruhusa ya kutumia jina. Wakaza mwana wengi huko humwita mama mkwe kwa jina, na kwao huo ni ukaribu. Yamkini huyu anadhani amekubaliwa.

Usimtume kijana wako akamwambie. Mwite mwenyewe, umpe neno la kutumia: Mama, au Dani kama watoto wanavyokuita, au Mama wa fulani. Mwambie pia neno la shemeji zake na la baba mkwe, kwa siku moja, na aandike. Mjerumani akielezwa utaratibu waziwazi hushukuru. Fumbo, kununa na kunyamaza hatavisoma kabisa.

SWALI: Natengeneza kabichi ya kuchacha kama nyumbani Ujerumani, lakini hapa Kisumu inalainika na kuteleza kabla ya wiki mbili. Mama mkwe wangu anataka kujifunza nami naona aibu. Nakosea wapi?
*Mke na mama, Milimani, Kisumu*

Dada, hukosei. Unafuata kalenda ya nchi ya baridi. Kabichi hii hupenda nyuzi 18 hadi 22, na hapo huchukua wiki nne hadi sita. Nakuru, kwenye kona yenye kivuli, unaweza kuikaribia hali hiyo. Kisumu chumba kinafika nyuzi 28 na zaidi. Kuchacha kunakimbia, na ukiiacha zaidi ya siku kumi inalainika na kuoza.

Nunua kabichi ngumu na nzito, iliyofika sokoni siku hiyo. Zinazokuja Kibuye kutoka Molo zikikaa siku tatu hupoteza maji, nawe unahitaji maji yake. Ondoa majani ya nje, uweke moja zima kando. Kata nyembamba, unene wa sarafu. Nyembamba kama ya kachumbari hulainika upesi. Pima kwa mizani. Ujerumani ungetia gramu 20 za chumvi kwa kilo; Kisumu tia gramu 25. Kwa kilo 4 ni gramu 100. Chumvi ya dukani yenye madini joto haina neno. Kisibiti kijiko kimoja cha chai kinatosha, ila angalia usiuziwe bizari nyembamba, maana mbegu zinafanana na ladha hazifanani.

Changanya hadi chumvi ienee kila mahali. Chumvi ikirundikana sehemu moja, hapo ndipo kabichi hugeuka rangi ya waridi. Finyanga kwa mikono dakika kumi hadi maji yatoke, shindilia kwenye mtungi wa glasi au ndoo ya chakula, uache nafasi ya vidole vinne juu. Funika kwa lile jani zima, weka kisahani, na juu yake chupa ndogo iliyojaa maji, kisha funga kifuniko cha mtungi. Maji ya kabichi lazima yafunike kila kitu. Yakipungua, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, gramu 25 za chumvi kwa lita. Maji ya bomba yasiyochemshwa yana dawa inayodhoofisha vile vijidudu vinavyochachusha kabichi. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu usitumie, kwa sababu kinanyonya maji na juu kunakauka.

Weka mtungi sakafuni, ndani ya beseni la maji, umevishwa kitambaa kinachogusa maji hayo. Siku tatu za kwanza legeza kifuniko kila jioni hewa itoke. Onja siku ya tano. Ikiwa kali ya kupendeza, kati ya siku ya saba na ya kumi, hamishia kwenye friji, ndiko itakakomalizia ladha. Utando mweupe juu ya maji utoe tu. Manyoya ya kijani au meusi, au ute unaovutika kama bamia, mwaga yote.

Na mama mkwe usimwonee aibu. Akiloweka unga wa wimbi siku mbili uchachuke kwa ajili ya uji, anatumia jamii ile ile ya vijidudu, na anajua kwa pua tu ni saa ngapi pametosha. Mpe yeye kazi ya kuonja siku ya tano.