Kilele cha hadithi hakitafutwi kwenye kishindo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hadithi yako ya mvuvi wa Kojani imeambiwa haina kilele na hali boti inazama mwishoni na watu wanakufa. Nimesimamia michezo ya kuigiza ya skuli hapa Wete, Pemba, kwa miaka mingi, na suala hili hunijia kila mwaka.

Kilele ni pale mgogoro unapombana mhusika mpaka hana budi achague, na akishachagua harudi tena alikokuwa. Kishindo chaweza kuja hapohapo, au baadaye, au kisije kabisa.

Wanafunzi wangu waliwahi kutunga mchezo wa binti anayeozwa mtu asiyemtaka. Walichokipenda zaidi ni mwisho: kaka na bwana harusi wanapigana, viti vinapinduka, polisi wanaingia. Mazoezini wenzao wakawa wanacheka tu. Tukarudi kwenye ndoa yenyewe, pale walii, yaani msimamizi wake wa ndoa, anapokwenda chumbani na mashahidi kumuuliza bibi harusi. Kila mtu wa visiwani anajua kwamba mwanamwali akinyamaza, kimya chake huhesabiwa idhini. Basi binti akaulizwa, akanyamaza. Mama amemkazia macho, nje wageni wameshakaa mkekani. Akaulizwa mara ya pili, akasema: "Sikuridhi." Ukumbi wote kimya! Kunyamaza tu kungewasitiri wazee wake wote na fedheha, na kunyamaza huko ndiko kungemuoza. Polisi tukawatoa, maana hakuna aliyewahitaji tena.

Wengi pia hudhani kilele lazima kikae karibu na mwisho. Mwandishi Mjerumani Gustav Freytag, katika kitabu chake cha 1863, aliugawa mchezo sehemu tano na kilele akakiweka katikati. Utazame Julius Caesar wa Shakespeare, ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri mwaka 1963. Kaizari anachomwa visu katika tendo la tatu, na matendo ni matano. Mara baada ya hapo rafiki yake Antony anazungumza na umma, nao unawageukia wauaji. Yote yanayofuata, vita na vifo, ni malipo ya visu vile. Hata hivyo mimi silazimishi katikati. Hadithi fupi haina nafasi ya mteremko mrefu, na ikikatika punde baada ya kilele haina kosa.

Wagiriki neno lao klimax lilikuwa ngazi, na watu wa balagha, yaani ufundi wa kusema, wakalitumia kwa maneno yanayopandishwa nguvu: nilimwomba, nikamsihi, nikampigia magoti. Hadithi nayo hupanda hivyo, na ukiruka vipandio msomaji hafiki juu pamoja nawe.

Sasa mvuvi wako. Bahari ya kusi imechafuka, deni la mashine limemfika shingoni, na mwanawe anataka kwenda naye. Hayo yote umeyaandika vizuri. Lakini uamuzi wa kutweka umeupitisha kwa sentensi moja: "Alfajiri wakaondoka." Kilele chako kimefukiwa hapo. Mkalishe pwani usiku ule na mwanawe, mzee mmoja amkataze, mwenye deni awe ameshapita mlangoni jioni, kisha mvuvi amwambie kijana apande au abaki. Boti ikizama baada ya hapo, msomaji atajua imezama kwa neno la nani. Uandike upya ukurasa huo, uulete hapa tuusome.