Barua kwa Mwanangu: Staa na Pesa Zake

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini mastaa wa filamu waliotoka uswahilini wakishahamia ushuani, wengine wanabaki na watu wao na wengine wanaanza kulalamikia kodi. Wewe unasema ni roho ya mtu. Mimi naona ni woga wa kurudi walikotoka, na kila mmoja ana njia yake ya kuukimbia.

Michael Caine ni mtoto wa mchukuzi wa samaki soko la Billingsgate, London, kazi kama ya makuli wetu wa Feri. Lafudhi ya mtaani hakuiacha hata alipotajirika. Lakini miaka ya 1970 kodi ya juu ya mshahara Uingereza ilipofika asilimia 83, alihamia Marekani. Kumbuka asilimia ile hukata kipande cha juu cha kipato tu, si pesa yote. Watu wengi hukosea hapo.

Sean Connery, aliyegawa maziwa mitaani Edinburgh, naye aliishi nje ya nchi. Hata hivyo malipo yake ya filamu ya Bond ya 1971, dola milioni 1.25, aliyatoa kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa Scotland. Mtu mmoja, mambo yote mawili. Usimhukumu mtu kwa mtaa aliohamia.

Wa kumsoma kwa makini ni Charlie Chaplin. Akiwa na miaka 7 alipelekwa kwenye makao ya maskini London. Mwaka 1914 alilipwa dola 150 kwa wiki, 1915 dola 1,250, na 1916 dola 10,000. Wengi wangetulia hapo. Yeye mwaka 1919 alianzisha na wenzake watatu kampuni ya kusambaza filamu zao wenyewe, United Artists. Kwa kuwa kazi ilikuwa mali yake, mwaka 1936 aliweza kutoa filamu ya mfanyakazi anayesagwa na mashine za kiwandani bila kuomba ruhusa ya tajiri yeyote.

Hapo ndipo donda la Bongo Movie lilipokuwa. Mwigizaji alilipwa mara moja, prodyuza akauza masta, yaani nakala mama ya filamu, Kariakoo, na kila nakala iliyouzwa baadaye haikumhusu tena. Sura inajulikana nchi nzima, kodi ya nyumba inamshinda.

Sasa umeitwa kwenye tamthilia. Mkataba uwe wa maandishi: idadi ya siku za kurekodi, malipo ya awali, tarehe ya salio, na malipo ya siku zinazozidi. Haki za runinga na za mtandaoni ziandikwe mbalimbali, kila moja na miaka yake. Ukikuta "haki zote, milele", usisaini. Omba muda utajwe, au dau lipande. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, kwa hiyo ukikwama nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na nakala ya mkataba wako mkononi.

Wakikutumia karatasi, nipigie kabla hujashika kalamu, tusome kwanza kipengele cha haki.

Mama yako,
Temeke