Tukijitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki: jibu la muuza dagaa

Mleta mada kauliza: ikiwa Uingereza walijitoa Umoja wa Ulaya na bado wanakula, sisi tukitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki tutapoteza nini? Wengi hapo juu wamejibu kwa hesabu za ushuru. Mie nauza dagaa pwani ya Kama, hapa Unguja, na kinachonikosesha usingizi si ushuru. Ni karatasi na siku.

Dagaa wetu huvuliwa wakati wa giza. Mbaamwezi ikishamiri, pwani inalala. Siku za giza kinamama huchemsha kwa maji ya chumvi, jua likitoka wanaanika, na mnunuzi wa Kikongo yuko pale pale na kalamu sikioni anahesabu ndoo. Asipokuja yeye, hatuna tumbo la kuwamaliza dagaa wote wale.

Mwaka juzi niliingia ubia na mnunuzi wa Lubumbashi. Mzigo ukapita Dar, Tunduma, ukaingia Zambia. Cheti cha uasilia, kile kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kimeandikwa "dagaa wakavu", ankara imeandikwa "samaki wakavu". Basi, kosa ndilo hilo. Lori likakaa mpakani siku tisa. Ushuru haukuongezeka hata shilingi, ila turubai lilikuwa na tundu na mvua haikuuliza cheti. Magunia ya chini yakaota ukungu, mwenzangu akakata theluthi ya bei.

Sasa watazameni hao Waingereza. Walipiga kura Juni 2016, wakatoka rasmi 31 Januari 2020, na kwa mkataba wao na Ulaya bidhaa hazitozwi ushuru zikitimiza masharti ya uasilia. Kipindi cha mpito kilipokwisha, Januari 2021, wauza samaki na kaa wa Uskochi wakaanza kudaiwa vyeti vya afya na fomu za forodha. Mizigo ikachelewa, wakaishia kupeleka malori yao London kuandamana. Habari ile niliisoma bila kuijali. Magunia yangu yalipoota ukungu ndipo nikaikumbuka.

Na kujitoa hatukuanza leo. Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Zambia na Kongo wamo humo hadi leo, na lori langu linapita kwa huyu kwenda kwa yule. Kongo ilipoingia Afrika Mashariki mwaka 2022 nilifurahi mno: angalau nimo nyumba moja na mnunuzi, ingawa mlango ni wa jirani, Zambia.

Wanaotaka tutoke wana hoja, tusiwazomee. Tangu umoja wa forodha wa Jumuiya uanze 2005, bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 0, 10 au 25, na 2022 ikaongezwa ngazi ya 35. Mchele na sukari, kwa kanuni, viko juu zaidi. Mweleze hayo mama wa Michenzani anayepika mchele wa Asia kila siku! Tena forodha ni jambo la Muungano. Tukijadili hapa mpaka alfajiri, Zanzibar peke yake haitoki wala haiingii.

Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi la Wete na Mombasa. Aliishia kulima muhogo.

Giza lililopita yule wa Lubumbashi alirudi. Kabla hajagusa ndoo aliomba karatasi zote, akazitandaza juu ya gunia, akafuatisha kwa kidole: dagaa wakavu, dagaa wakavu, dagaa wakavu. Ndipo akatoa pesa.